Waifai Ikikatika, Tuanzie Nyumbani



Mwezi uliopita tulipanda kwenda Mau Narok, kaunti ya Nakuru, kumjulia hali mpwa wetu aliyefiwa na mumewe. Msomaji wa pwani ambaye hajafika huko na aelewe kwamba ukishaupita mji wa Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton, barabara huendelea kupanda mpaka ukawa juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,500. Ni nchi ya ngano, shayiri na viazi. Ukungu hushuka alasiri, na mzee wa Mombasa hulala na soksi miguuni. Marehemu alikuwa mfanyabiashara wa viazi. Amemwacha mke, watoto wawili na mama yake mzazi, ambaye ni mavyaa wa binti yetu, nao wote wanaishi nyumba moja.

Tulimkuta akiwa katika eda. Eda ya mfiwa, kama mjuavyo, ni miezi minne na siku kumi, na katika siku hizo alikuwa na kazi moja tu ya kumpatia riziki, nayo ni kusomesha watoto Qur'ani kwa njia ya kompyuta. Wanafunzi wake ni watoto wa jamaa zetu walioko Maskati, ambao huketi mbele ya skrini zao saa kumi alasiri, na kwa saa za kwetu ni saa tisa. Ada ya watoto hao ndiyo iliyokuwa ikinunua unga na maziwa, kwa kuwa mirathi ilikuwa bado haijagawanywa.

Tulipofika, alikuwa na siku tisa hajasomesha. Intaneti ilikuwa imekatika. Mzazi mmoja alikwisha kumjulisha, kwa upole, kwamba iwapo darasa halitarudi kufikia Jumamosi, atamtafutia mwanawe mwalimu mwingine. Fundi mmoja naye, alipoelezwa shida hiyo kwa simu tu, bila ya kuiona, alikwisha kukata hukumu kwamba ruta imeungua na inatakiwa mpya, shilingi 6,000. Binti yetu alikuwa amekwisha kuitoa bangili yake ya dhahabu sandukuni ili ikauzwe.

Tulimwuliza kwa nini hakumwita fundi aje aitazame. Akasema aliona haya kumwingiza mwanamume mgeni nyumbani hali yeye yumo katika eda. Haya ni pambo la muumini, lakini tulimkumbusha kwamba wanavyuoni wengi wamemruhusu mfiwa kutoka mchana kwa haja yake, na kwamba fundi kuingia nyumbani, mavyaa akiwa ameketi papo hapo, si jambo la kuvunja heshima ya eda. Hata hivyo, sisi tu mjomba wake, na mjomba ni maharimu. Basi tukavua koti, tukaketi mbele ya kompyuta.

Sisi si mafundi. Tumesoma madrasa, na kompyuta tumeijua ukubwani, kwa kulazimika, katika kazi za ofisi ya chuo. Lakini jambo moja tulilojifunza ni kwamba mtandao uliokatika huchunguzwa kama kesi mbele ya kadhi. Kadhi hahukumu kwa neno la mtu mmoja, bali humsikiza kila shahidi peke yake, akianza na aliye karibu. Yaliyotokea siku ile tumeyaandika hapa kwa mpangilio wake, ili familia zetu ziyatumie kabla ya kuuza bangili.

Waifai na intaneti ni vitu viwili

Tulipokuwa tukisema "waifai imekatika", yule bibi mzee aliinua kichwa kwenye mkeka wake akauliza, "Wifi yupi tena huyo aliyekasirika?" Tulicheka, na ulikuwa mwanzo wa kicheko katika nyumba ile kwa muda mrefu. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya wanaosoma gazeti hili kwa sauti nyumbani, tunaandika waifai, ili isichanganywe na dada wa mume.

Watu wengi hudhani kwamba waifai na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Waifai ni mawimbi ya redio yaliyomo ndani ya nyumba tu, baina ya ruta na kompyuta au simu. Intaneti ni njia ndefu inayotoka nje mpaka ikafika kwenye ruta. Mfano wake ni maji: intaneti ni bomba litokalo barabarani, na waifai ni ndoo inayoyatoa maji bombani kuyapeleka jikoni. Maji yakikosekana jikoni, huenda bomba limekauka, na huenda ndoo imetoboka. Anayenunua ndoo mpya hali bomba limekauka amepoteza fedha zake.

Njia hiyo ndefu yaanzia kwetu pwani. Nyaya zilizolala chini ya bahari hutua Mombasa, mojawapo ikiwa ile iitwayo TEAMS, iliyotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu na kufika kwetu mwaka 2009. Kutoka Mombasa njia hupanda kwa nyaya za nchi kavu mpaka bara. Kisha, mahali kama Mau Narok, minara huurusha mtandao kwa mawimbi hadi kwenye kisahani kidogo kilichofungwa juu ya paa la nyumba. Waya mmoja hushuka kutoka kwenye kisahani hicho ukaingia katika ruta, na ruta ndiyo inayotoa waifai. Kila kiungo katika mnyororo huo chaweza kukatika. Mwezi wa Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika karibu na Afrika Kusini, mitandao ya Afrika Mashariki ilizorota kwa siku kadhaa, na hakuna mama aliyeweza kuirekebisha kwa kuzima na kuwasha ruta yake. Ndiyo sababu swali la kwanza huwa ni hili: kosa liko ndani au nje?

Shahidi wa kwanza ni simu

Binti yetu alituambia kwamba simu yake ilikuwa ikipata intaneti vizuri, ila kompyuta ndiyo iliyokataa. Tuliichukua simu hiyo tukatazama. Data ya laini ilikuwa imewashwa. Huo ni ushahidi wa uongo usiokusudiwa, kwani simu ikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye bando lake yenyewe bila ya kumwarifu mwenyewe. Mama huamini kwamba waifai ni nzima, kumbe anakula bando.

Tukaizima data ya laini, tukaiacha simu itegemee waifai peke yake, tukasimama karibu kabisa na ruta. Alama ya mawimbi ilijaa, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Kwa jaribio hilo dogo tulijua mambo mawili. La kwanza, ruta haikuungua yote, kwa kuwa iliyoungua kabisa haitoi mawimbi. La pili, kosa halikuwa katika kompyuta peke yake, bali lilikuwa kwenye ruta au nyuma yake.

Tulizitazama taa za ruta. Taa ya umeme ilikuwa kijani na taa ya waifai ilikuwa kijani, lakini taa ya intaneti, ambayo katika ruta nyingi huwa na alama ya tufe la dunia, ilikuwa nyekundu. Tukafanya lile ambalo kila fundi huanza nalo. Tulichomoa umeme wa ruta pamoja na kile kiboksi kidogo kinachopeleka umeme kwenye kisahani cha paani, tukahesabu nusu dakika, tukarudisha kiboksi kwanza, tukangoja dakika mbili, kisha tukairudisha ruta. Mpangilio huo una maana yake: cha nje kitangulie kuamka ili cha ndani kikiamka kikikute. Taa ikabaki nyekundu.

Hapa tunawaonya wasomaji wetu. Nyuma ya ruta nyingi kuna tundu dogo la kuingiza ncha ya sindano. Msilibonyeze kwa pupa. Tundu hilo huifuta ruta yote, pamoja na maagizo ambayo kampuni iliyaandika ndani yake siku ya kuiweka, na baada ya hapo hata tatizo la nje likiisha, ruta haitajua njia. Kuzima na kuwasha hakufuti kitu, lakini kubonyeza tundu hufuta kila kitu.

Ujumbe uliokwenda kwa marehemu

Ilibaki kuwapigia simu wenye mtandao. Binti yetu hakuwa na namba yao, wala hakuijua namba ya akaunti ya nyumba. Mumewe ndiye aliyeiunganisha, ndiye aliyekuwa akiilipia kila mwezi, na akaunti yote ilikuwa kwa jina lake na laini yake. Simu ya marehemu ilikuwa ndani ya kabati, imezimwa tangu siku ya maziko. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiwasha.

Aliiwasha yeye mwenyewe, mbele ya mavyaa wake. Baada ya dakika chache jumbe zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine. Miongoni mwao zilikuwamo tatu za kampuni ya mtandao: ya kwanza ikikumbusha kwamba malipo yanakaribia, ya pili ikisema siku imefika, na ya tatu ikiarifu kwamba huduma imesitishwa. Zote zilielekezwa kwa jina la mtu aliyekwisha kurejea kwa Mola wake.

Hapakuwa na kilichoungua. Ada ilikuwa haijalipwa. Shemeji yake aliyeko Nakuru aliilipa kwa M-Pesa usiku uleule kwa kutumia namba ya akaunti iliyokuwa katika ujumbe, na haikupita muda mrefu taa nyekundu ikageuka kijani. Simu, ikiwa karibu na ruta, ikafungua kurasa bila ya bando.

Tulidhani kazi imekwisha. Kompyuta ya sebuleni ikatukatalia.

Viazi navyo hunywa mawimbi

Huyu sasa alikuwa shahidi wa pili. Simu tuliyokuwa tumeishika karibu na ruta ilifanya kazi, lakini tulipoingia nayo sebuleni mawimbi yalipungua mpaka yakabaki kijistari kimoja. Basi bomba lilikuwa na maji, ila ndoo haikufika jikoni.

Tuliuliza ruta iliwekwa wapi zamani. Ilikuwa juu ya rafu ya vitabu sebuleni. Wakati wa matanga, sebule ilitolewa vitu vyote ili wanawake wapate pa kukaa, na ruta ikahamishiwa stoo, ikawekwa sakafuni, nyuma ya tangi la chuma na magunia ya viazi ya marehemu. Baada ya matanga, kompyuta ilirudishwa mahali pake, lakini ruta ikasahauliwa.

Mawimbi ya waifai hayapendi vitu viwili: chuma na maji. Chuma huyarudisha yalikotoka, na maji huyanywa. Tangi la chuma lililojaa maji ni ukuta juu ya ukuta. Na viazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kiazi ni maji, navyo huyanywa vilevile. Hili si mzaha. Mwaka 2012 kampuni ya Boeing ya Marekani ilieleza kwamba ilipotaka kupima waifai ndani ya ndege, iliyajaza magunia ya viazi katika viti vya abiria, uzito wake ukiwa karibu tani 9, kwa kuwa viazi huyanywa na kuyarudisha mawimbi kwa namna inayokaribia mwili wa mwanadamu. Tulipomweleza bibi mzee, alisema mwanawe angefurahi kujua kwamba viazi vimepanda ndege.

Tuliirudisha ruta juu ya rafu, mahali pa wazi, antena zake zikiwa zimesimama wima. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, na ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi lakini huchoka upesi. Chumba kilicho mbali na kitumie ya kwanza, na kilicho karibu kitumie ya pili. Ila mjue kwamba jiko la maikrowevu hufanya kazi karibu na hiyo 2.4, kwa hiyo darasa likikatika kila chakula kinapopashwa moto, mchawi hayuko mbali.

Ndugu zetu wa Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, wenye nyumba za kuta nene za mawe ya matumbawe, wana shida hiyohiyo bila ya viazi. Ukuta wa babu zetu ulijengwa kuzuia joto, nao huzuia na waifai. Hapo ruta iwekwe katikati ya nyumba, penye mlango au uwazi wa ngazi, si katika chumba cha pembeni. Hewa yetu ya chumvi nayo hula ncha za nyaya. Ncha yenye kutu ya kijani hukata mtandao kidogo kidogo, mpaka watu wakailaumu kampuni bure.

Kuna jaribio jingine la kutenga makosa: ikiwa kompyuta yaweza kufika kwenye ruta, iungeni kwa waya. Ikifanya kazi kwa waya na ikakataa kwa waifai, kosa ni la mawimbi au la kifaa cha waifai kilichomo katika kompyuta. Ikikataa kwa njia zote mbili hali simu inafanya kazi, kosa ni la kompyuta yenyewe.

Saa iliyorudi nyuma

Ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta ilikuwa sasa imeunganishwa, alama ya mawimbi imejaa, lakini kila ukurasa uliofunguliwa uliandika onyo kwamba muunganisho si salama. Tulitazama mambo ya kawaida. Alama ya ndege, ambayo ikibonyezwa kwa bahati mbaya huzima mawimbi yote, ilikuwa imezimwa. Kile kidude cha waifai kinachochomekwa nyuma ya kompyuta tulikichomoa tukakihamishia tundu la mbele, ambako sanduku la chuma la kompyuta halikizibi. Tuliandika amri iitwayo ipconfig ili kuona anwani ambayo ruta imeipa kompyuta. Ingeanza na 169.254, tungejua kwamba ruta haikuipa anwani na kompyuta imejitungia yake. Lakini ilianza na 192.168, ambayo ni dalili njema.

Kisha binti yetu akanyoosha kidole pembeni mwa skrini, chini, mahali paandikwapo saa. Tarehe ilikuwa mosi Januari 2015.

Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ndani yake, bapa kama sarafu, inayolinda saa wakati umeme umechomolewa. Betri hiyo huishi miaka kadhaa kisha hufa kimyakimya, na mwenye kompyuta hajui maadamu waya uko ukutani. Siku ya matanga waya ulichomolewa, na saa ikarudi mwanzo. Nayo tarehe ina kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2015 hukiona cheti cha leo kuwa bado hakijaanza, nayo hukataa, kama karani anavyokataa hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele. Haikuwa na makosa. Ilidanganywa na saa yake.

"Mjomba," alisema binti yetu, "mwaka huo ndio alioleta posa."

Hatukuwa na la kusema. Tulikaa kidogo, kisha tukaiweka saa sawa. Kurasa zikafunguka mara moja.

Betri mpya ya aina ile, iandikwayo CR2032, si ya bei kubwa na hupatikana kwa watengenezaji wa saa. Shemeji aliinunua Nakuru siku iliyofuata, akaibadilisha waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Ijumaa saa tisa, watoto wa Maskati walisikika sebuleni Mau Narok wakirudia aya nyuma ya mwalimu wao. Bangili ilirudi sandukuni.

Mpangilio wa kufuata

Kwa faida ya wanaotaka kuikata makala hii na kuihifadhi, tunayakusanya mafunzo hayo kwa ufupi.

Kwanza, hakikisheni kwamba ada ya mwezi imelipwa, na kwamba ujumbe wa malipo unamfikia mtu aliyemo nyumbani.

Pili, zimeni data ya laini katika simu, msimame karibu na ruta, mjaribu. Simu ikikataa, kosa ni la ruta au la nje. Simu ikikubali, kosa ni la umbali au la kompyuta.

Tatu, tazameni taa za ruta, kisha zimeni na kuwasha, cha nje kikitangulia. Tundu la sindano liacheni.

Nne, iwekeni ruta mahali pa juu na pa wazi, mbali na chuma, matangi, friji na vioo vikubwa. Kwenye nchi za radi kama Mau Narok, chomoeni nyaya zake kabla ya dhoruba.

Tano, katika kompyuta tazameni alama ya ndege, neno la siri, kidude cha waifai, na tarehe.

Sita, yakiisha hayo yote ndipo aitwe fundi, naye aambiwe yaliyokwisha kujaribiwa. Fundi akiona kwamba mwenye nyumba anajua, naye huwa na adabu katika bei. Na anayepiga simu akidai kuwa ametoka katika kampuni, kisha akataka namba yenu ya siri ya M-Pesa, huyo ni mwizi. Kurekebisha mtandao hakuhitaji namba hiyo.

Elimu isiyozikwa na mwenyewe

Kabla ya kuondoka tulifanya mambo mawili. La kwanza, tulibadilisha neno la siri la waifai. Katika siku za matanga kila mgeni aliliomba akapewa, na vijana kadhaa wa mtaa walikuwa wamezoea kuegemea ua jioni, katika baridi ile, simu mikononi. Kuwafaa jirani ni wema, lakini darasa la yatima lina haki ya kutangulia.

La pili, binti yetu alichukua karatasi, akaandika kwa mkono wake jina la kampuni, namba yao ya simu, namba ya akaunti, siku ya kulipa na mahali kiboksi cha umeme kilipo. Neno la siri aliliandika katika karatasi nyingine aliyoiweka kabatini. Ile ya kwanza aliibandika ndani ya mlango wa kabati la sebuleni. Shemeji akamsaidia kuwajulisha wenye mtandao msiba uliotokea, ili akaunti ihamishiwe kwa jina lake.

Mambo yote matatu yaliyoikata intaneti ya nyumba ile yalitokana na msiba mmoja, wala hakuna hata moja lililohitaji shilingi 6,000. Mume alikuwa mwema, aliilipa kila mwezi bila ya kukosa, lakini alibeba peke yake ujuzi ambao nyumba nzima iliutegemea. Tunawaomba akina baba wanaosoma haya wasingoje. Jioni moja, baada ya chakula, waketi na wake zao na watoto wao wakubwa, wawaonyeshe ruta iko wapi, taa zake zina maana gani, ada inalipwaje. Na akina mama wasiseme kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Mtu hutoka asubuhi akiwa na funguo zote mfukoni, na wenye kubaki ndani ndio watakaohitaji mlango ufunguke.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, ampe binti yetu subira amalize eda yake kwa salama, na azitie baraka nyumba zetu.

Wabillahi tawfiq.